Kidonge cha Saa Moja

Kazi yangu mimi ni mapazia. Pazia halina bega, halina kwapa, wala halirudi dukani kulalamika kwamba limenenepa. Ndiyo maana nililichagua. Lakini kwa miaka kumi na mmoja cherehani yangu imekaa ubavuni mwa cherehani ya mtu mwenye kazi ngumu kuliko yangu, kazi ambayo mafundi wengi wa siku hizi hawajui hata kama ipo. Yeye hugeuza kola. Shati la mtu huchakaa shingoni kwanza, pale kola inapokunjwa. Yeye huifumua uzi kwa uzi, huugeuza upande usiochakaa ukaja juu, kisha huirudisha kwenye matundu yaleyale ya sindano ya zamani, na mwenye shati huondoka amelivaa kama jipya. Walimu, makarani, walinzi wa benki, wote ni wateja wake. Tukamwita Kola, na jina likamganda.

Nasema haya kwa sababu mtaani wanasimulia vingine. Wanasema Kola alipewa figo na dada yake halafu akaichezea, kwamba alikuwa mzembe, hamezi dawa. Huo ni uongo, na kila nikiusikia damu inanichemka. Nilikuwa naye hatua mbili tu. Nilimwona akimeza, asubuhi na jioni, zaidi ya mwaka.

Figo zake mwenyewe ziliuawa na presha, kimyakimya, kabla hajajua kama anaumwa. Miaka miwili aliishi kwa mashine ya kusafisha damu. Siku tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara, amelala na mirija miwili mkononi. Alirudi kibandani uso umemparara, akakaa, akavuta shati la mtu na kuanza kufumua. Mwaka wa pili mke wake alifungasha akarudi kwao. Leo simlaumu, ingawa siku ile nilimlaumu kwa sauti mpaka wateja wakageuka kutazama.

Aliyemwokoa ni dada yake. Alimzidi Kola kwa miaka tisa, na mama yao alipofariki yeye ndiye aliyemlea Kola, akamwogesha, akampeleka shule, akamchapa. Ni mpishi wa shule ya msingi. Mtu aliyezoea kuwapanga mstari watoto mia tatu wenye njaa hajui kunong'ona, na sisi sote tulimwita Dada Mkubwa, hata tuliomzidi umri. Ndugu walipopimwa, yeye ndiye aliyelingana. Mume wake akaruka. Akasema, "Sasa ukitoa figo mimi nibaki na mke nusu?" Dada Mkubwa akamjibu bila kuacha kuosha vyombo: "Miaka ishirini umekaa na mimi hujawahi kujua kama nina figo. Ikipungua moja utajuaje?" 

Kola na dada yake wakafanyiwa upasuaji siku moja, vyumba viwili vilivyopakana. Siku ya kuruhusiwa, daktari wa figo, mwanamke mfupi asiye na maneno mengi, aliwaketisha wote wawili akawaeleza, na Dada Mkubwa alikuja kutueleza sisi kibandani kama aliyekabidhiwa amri. Mwili hauna huruma, alisema. Ukiwekewa kitu cha mtu mwingine unakipiga vita mpaka ukiue, hata kiwe cha ndugu wa tumbo moja. Dawa hizi ndizo zinazouzuia. Saa moja asubuhi, saa moja jioni, usikose hata siku moja, maisha yako yote. Na maji anywe kwa wingi.

"Saa moja na saa moja," Dada Mkubwa alisema akimnyooshea kidole. "Umenisikia wewe mtoto?"

Mtoto huyo alikuwa na miaka arobaini na minne. Akaitikia, "Ndiyo, Dada."

Figo ilifanya kazi. Uso ulirudiwa na rangi, miguu ilipungua uvimbe, akaanza tena kunitania kwamba mapazia yangu yanashonwa na mtu aliyefumba macho. Kitu kimoja tu kiliharibika, nacho ni mikono. Dawa ilimtetemesha mikono. Si sana, mtu wa kazi nyingine asingejali. Lakini kola inataka ncha ya sindano iingie kwenye tundu lilelile la zamani, na tundu lenyewe huoni mpaka uinamie. Alijaribu, akachana shati la karani mmoja, akaliweka chini. Ikawa anashona pindo za suruali na kubandika vifungo vikubwa. Hata uzi nilimtungia mimi. Alikuwa akinisogezea sindano bila kunitazama, na mimi nilitunga bila kusema neno, na mimi kunyamaza si kawaida yangu. Iliniuma kuliko siku zile za mashine.

Sasa nifike kwenye desturi yao ya kumeza dawa. Wiki moja kabla ya shule kufunguliwa kazi zilijaa mpaka sakafuni, na jioni moja Kola akapitiwa. Kesho yake Dada Mkubwa alipita kumsalimia, akafungua kisanduku chake cha dawa chenye vyumba vya siku saba, akakikuta kidonge cha jana jioni kimelala pale pale. Hakupiga kelele. Alipandisha blauzi mbele yetu sote, wateja wakiwemo, akaonyesha kovu lililoanzia ubavuni likaja mpaka mbele.

"Hii ni zipu?" aliuliza. "Walinifungua hapa kwa ajili ya fasheni?"

Tangu siku hiyo alikuja mwenyewe. Kola alikuwa akiishi chumba cha nyuma ya kibanda, na ilikuwa njia ya kwenda shuleni kwake. Saa moja kasoro dakika tano asubuhi anaingia, anachota maji kwenye kikombe kikubwa cha plastiki cha kijani, anamkabidhi kidonge mkononi. "Meza. Maliza maji. Fungua mdomo." Kola anafungua mdomo, anatoa ulimi, anachunguliwa kama mtoto wa shule anayekaguliwa meno. "Haya, fanya kazi." Jioni anaporudi, vilevile. Sisi tulikuwa tukicheka mpaka mbavu zinauma. Kola naye alicheka, lakini saa moja ikikaribia nilimwona anatazama mlangoni, na nadhani alipenda. Mtu aliyeachwa na mke anajisikia vizuri kuulizwa kama amemeza.

Mara moja kwa mwezi alikwenda kliniki. Siku hiyo ina sharti lake, na nesi anayetoa damu alimweleza vizuri na kumwandikia kwenye kadi: siku ya kliniki usimeze kidonge cha asubuhi mpaka tukutoe damu. Njoo nacho mfukoni, utakimeza hapahapa. Wanataka kujua ni dawa kiasi gani imebaki mwilini saa kumi na mbili tangu kidonge cha jana jioni, pale inapokuwa chache kabisa. Ukimeza kwanza, wanachopima ni kile ulichotoka kumeza sasa hivi. Namba inakuwa kubwa, na haina maana.

Miezi ya mwanzo haikuwa na shida, maana alikuwa akienda kliniki peke yake na kidonge mfukoni. Kliniki ya kwanza baada ya desturi ile kuanza ndiyo ilileta neno. Nilikuwa nafungua mlango wa kibanda, nikawasikia.

"Dada, leo nisimeze kwanza mpaka wanitoe damu."

"Nani kasema?"

"Nesi."

"Nesi!" Alilitamka kama tusi. "Daktari mwenyewe aliniambia mimi, kwa masikio yangu haya, usikose hata siku moja. Sasa nesi ndiye anajua? Juzi umesahau, leo unaniletea habari za nesi. Meza."

"Imeandikwa kwenye kadi, Dada. Soma."

"Sisomi kadi. Mimi nimesoma kisu." Akashika ubavu wake. "Meza, nachelewa, nina watoto mia tatu."

Kola alisimama na kidonge kiganjani. Mtu mwingine angebisha. Lakini wewe mbishie mtu aliyekulea tangu una miaka sita, na ambaye sehemu ya mwili wake imo tumboni mwako. Akameza. Akamaliza maji. Akafungua mdomo.

Saa tatu, hospitali, nesi akamuuliza kama kawaida: "Umemeza dawa leo?" Akajibu: "Bado." Angesema ndiyo, angerudishwa nyumbani aje kesho, na kesho saa moja kasoro dakika tano Dada Mkubwa angekuwa mlangoni na kikombe cha kijani. Alinisimulia mchana huo huku anacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka pia. Nikamwambia, "Si umwombe nesi aongee naye?"

"Jirani," alisema, "unataka nimshtaki dada yangu kwa nesi?"

Namba ikatoka kubwa. Daktari akaona dawa imezidi, na dawa ikizidi inaumiza figo yenyewe, kwa hiyo akampunguzia. Hapo hapakuwa na kosa la daktari. Alifanya vile namba ilivyomwambia. Na baada ya wiki mbili hivi, asubuhi moja, nikasubiri Kola anisogezee sindano. Hakunisogezea. Nikageuka, nikamkuta ameishika mbele ya mwanga na uzi umeshapita.

"Ona," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo kabisa.

Siku hiyo aligeuza kola ya mwalimu mmoja mzee. Nilimtazama kazi nzima na pazia langu likaungua pasi. Alipomaliza alinirushia lile shati nilikague, nami sikuona mshono wa zamani wala mpya. Nilifurahi hadi nikalia, na sikuficha.

Mwezi uliofuata ikawa vilevile. Kidonge saa moja, "bado" saa tatu, namba kubwa, dawa ikapunguzwa tena. Mwezi wa tatu vilevile. Sasa nisimtetee kupita kiasi. Kola hakuwa mjinga, alijua. Mimi nilimwuliza, tukiwa wawili tu: "Hizo namba zinadanganya, si ndiyo?"

Alikata uzi kwa meno. "Dada karidhika. Daktari karidhika. Mikono imetulia. Umebaki wewe tu kununa."

"Na figo?"

"Figo ina mwaka sasa, jirani. Imeshazoea."

Ningeweza kwenda kwa Dada Mkubwa. Ningeweza kwenda hata kwa nesi, si mbali. Sikwenda. Wateja wake walikuwa wamerudi, kibanda kimechangamka, na nilikuwa nimechoka kutunga uzi wa mtu mzima anayeangalia pembeni. Nilijiambia kwamba hayanihusu. Mimi ambaye kila kitu mtaani kinanihusu.

Mwezi wa saba tangu desturi ile ianze, viatu vilikataa kuingia miguuni. Uso ukavimba asubuhi, mkojo ukapungua, na pale figo ilipo pakawa panauma akiinama. Ilipofika siku ya kliniki hakuweza kwenda peke yake. Dada Mkubwa aliomba ruhusa shuleni, mimi nikafunga cherehani, tukamshika huku na huku. Kabla ya kutoka alimmezesha kama kawaida. Nilikuwepo. Nilimwona akifungua mdomo.

Chumba cha daktari kilikuwa na viti viwili, kwa hiyo mimi nilisimama mlangoni. Daktari alikuwa na karatasi za miezi yote mezani, anazigeuza mbele na nyuma.

"Sielewi," alisema. "Figo inashambuliwa na mwili. Inakuwa hivi kwa mtu asiyemeza dawa. Lakini kila mwezi damu yake inaonyesha dawa tele." Akamtazama Kola. "Niambie kweli. Unaruka dawa, halafu unameza nyingi siku ya kuja hapa?"

Dada Mkubwa alisimama. Alikuwa ametukanwa, na sauti yake ya jikoni ikajaa chumba kizima.

"Aruke dawa? Daktari, huyu hajakosa hata siku moja! Mimi ninasimama mbele yake saa moja na saa moja. Mvua inyeshe, niumwe, nipo. Siku za kliniki ndiyo kabisa, siwezi kumwacha aje kwako hajameza. Hata leo amemeza, mikononi mwangu, saa moja kamili. Muulize huyu," akanionyesha mimi, "alikuwepo."

Daktari aliweka kalamu chini.  Kisha akauliza polepole, "Siku zote za kliniki, mama? Kabla ya kutolewa damu?"

"Siku zote," alisema Dada Mkubwa, kwa fahari.

Daktari akamweleza. Hakupandisha sauti, wala hakutumia maneno makubwa. Alimweleza kwamba namba zile zote zilikuwa za kidonge cha asubuhi ile, kwamba yeye alikuwa akipunguza dawa mwezi baada ya mwezi kwa kuamini imezidi, na kwamba muda wote huo mwilini ilikuwa imebaki kidogo mno. Nilimtazama Dada Mkubwa akielewa. Alishika mgongo wa kiti.

Kola akawahi. "Kosa langu, Dada. Niliambiwa na nesi. Sikukwambia, nilisahau."

Dada Mkubwa aligeuka akamtazama. Kisha akakaa taratibu, mkono ubavuni.

"Uliniambia," alisema. Nilikuwa sijawahi kumsikia akiongea chini namna ile. "Mlangoni pale. Ukasema nisome kadi. Nikasema sisomi."

"Mara moja tu, Dada. Ningerudia. Ningeweza kumwambia nesi nimemeza." Alinyoosha mikono yake miwili mbele yake, ikatulia hewani. "Ni mikono. Dawa ilipopungua mikono ikatulia. Nikaona bora iwe hivihivi."

 Na mimi niliyejua yote nikabaki mlangoni pale, nimeufumba mdomo wangu mkubwa.

Walimlaza siku hiyohiyo. Kesho yake wakampima kwa saa inayotakiwa, kabla ya kidonge, na dawa ilikuwa karibu haipo. Wakamchoma sindano kali siku tatu mfululizo, wakapandisha dawa, wakasubiri. Wiki tatu baadaye figo ya Dada Mkubwa ilinyamaza. Kola akarudishwa kwenye mashine, siku tatu kwa wiki, kitanda kilekile cha dirishani. Vile vidonge navyo wakavipunguza hadi vikaisha, maana hapakuwa tena na kitu cha kulinda. Mikono yake siku hizi haitikisiki hata kidogo. Anageuza kola vizuri kuliko wakati wowote, siku ambazo ana nguvu ya kukaa.

Dada Mkubwa hakuja. Alibadilisha njia, akawa anazungukia barabara ya juu kwenda shuleni. Saa moja asubuhi Kola alikuwa anakaa kwenye kigoda mlangoni, anatazama upande aliokuwa akitokea, mpaka saa moja na nusu, ndipo anaingia ndani.  Nilimtukana dada yake mara moja, kwa hasira tu, akaniambia nisirudie.

Ndipo ule uvumi ukaanza, kwamba Kola alikuwa mzembe, kwamba alikuwa anatema dawa. Nikafuatilia mzizi wake kwa hasira zote nilizonazo, nimkate ulimi aliyeuanzisha. Nikamkuta ameketi ubavuni mwangu, anafumua kola ya mtu. Ni yeye mwenyewe. Kila mteja aliyempa pole alimwambia, "Nilikuwa simezi, bwana. Uzembe wangu."

Uvumi ulifika jikoni shuleni. Mwezi wa pili wa mashine, siku ya Jumatano, saa moja kasoro dakika tano, Dada Mkubwa aliingia kibandani. Alikuwa amekonda.

"Umewaambia watu ulikuwa humezi?"

"Ndiyo, Dada."

"Kwa nini?"

"Wasikuguse."

 Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe unayesema kila kitu, hili umeshindwa kulisema? Waambie watu. Alimeza kila siku. Waambie mimi ndiye niliyemmezesha." Basi, nimewaambia.

Halafu mikono yake ikafanya ilichozoea. Akachukua kile kikombe cha kijani, akachota maji, akajaza mpaka juu, akamnyooshea. Kola alikitazama.

"Dada," alisema, "siruhusiwi yote hayo. Kwa mashine napimiwa maji. Nusu lita kwa siku nzima."

Dada Mkubwa alirudi mlangoni na kikombe akamwaga nusu. Akatazama ndani. Akamwaga tena. Akaendelea kumwaga kidogokidogo mpaka yakabaki maji ya funda moja chini kabisa. Akaja nayo. Kola akapokea, akanywa, akamrudishia kikombe. Kisha akafungua mdomo, akatoa ulimi, kama zamani.

Dada Mkubwa akainama akachungulia. Hapakuwa na kitu cha kuchungulia, lakini alichungulia kwa makini, kila upande, machozi yakimdondokea kwenye blauzi.

"Haya," alisema. "Vaa viatu, nikusindikize kwenye mashine."